Maelezo Nyuma ya Visanduku

Jumatatu, 3 Machi

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Naitaka kazi hii. Naitaka mpaka naiota.

Nyumbani nimewaambia naenda kupoteza muda tu, huku nikisubiri matokeo ya mtihani. Nimeyasema hayo kwa uso mkavu kabisa. Sababu ni binamu. Shangazi ndiye aliyetutafutia nafasi, mimi na mwanawe, tujaribiwe wote wawili, na kiti ni kimoja. Nikisema naitaka halafu apewe binamu, shangazi atakuja kumpa mama pole, na pole za shangazi hukaa wiki nzima na kuomba chai. Afadhali nionekane sikuwa naitaka.

Kazi yenyewe ni hivi. Ofisi ina vyumba viwili na ngazi inayolia ukiikanyaga. Tunachora jinsi kazi za watu wengine zinavyokwenda. Mtu ana biashara, mambo yanapotea katikati, hajui yanapotelea wapi. Anakuja kwetu, tunamchorea kwenye kompyuta. Kila kazi ni kisanduku. Kutoka kisanduku hadi kisanduku kuna mshale. Na nyuma ya kila kisanduku, ukikibofya, hufunguka nafasi ya maelezo: nani anafanya, anafanyaje, na mambo yakiharibika ashike wapi.

Binamu anachora visanduku. Mimi naandika maelezo.

Bosi tunamwita Mzee Mshale, ila si mbele yake. Hawezi kuvumilia mshale unaokatiza mshale mwingine. Akiuona anashika kiuno kama anayeumwa. Leo amesema tukimaliza kazi ya mteja huyu wa kwanza ataamua nani abaki. Ametutazama kwa upole, kama mtu anayechagua nyanya.

Binamu amesema maelezo ni kama bitana ya koti. Lazima iwepo, lakini nani hugeuza koti la watu kuitazama? Amecheka mwenyewe. Nami nimecheka kidogo kwa adabu. Kisha nimekwenda chooni kukasirika.

Jumanne, 4 Machi

Mteja wetu ni kiwanda cha kufulia. Wanafua mashuka na taulo za mahoteli na zahanati. Leo nimetumwa kwenda kuwauliza wafanyakazi wanavyofanya kazi zao, ili niandike.

Hapo ndipo penye shida. Mbele ya mtu mzima nisiyemjua, sauti yangu hurudi tumboni na kukaa huko. Kwa hiyo nilipanga mapema. Maswali yote niliyaandika kwenye kiganja kwa kalamu. Mpango safi. Sikujua kwamba chumba cha pasi kimejaa mvuke. Nilipofungua kiganja, maswali yalikuwa yameshageuka kuwa wino wa buluu mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Msimamizi wa chumba hicho ni mama mmoja mwenye mikono mikubwa na kicheko kikubwa zaidi. Nimempa jina la Mama Pasi. Nikamwambia shikamoo. Akasema marahaba, mwanangu, enhe, tukusaidie nini? Nikamwambia shikamoo. Akaniangalia. Akasema hiyo ya pili ameipokea pia, lakini ya tatu itabidi agawane na wenzake, yeye amejaa. Chumba kizima kikacheka mpaka shuka moja likadondoka.

Nadhani alinihurumia. Alinishika mkono ule wa wino, akanipeleka kwenye meza ya ukaguzi, akanionyesha bila mimi kuuliza kitu. Shuka likishatoka kukaushwa, huwezi kuliamini kwa macho. Linaonekana limekauka kumbe pindo bado lina maji. Likikunjwa hivyo, kesho linanuka. Kwa hiyo unashika kona, unaipeleka puani. Alinifanya ninuse zuri, kisha baya. Tofauti ni ndogo, lakini ukishaijua huwezi kuisahau.

Nimerudi ofisini nikiwa na furaha ambayo sikutaka binamu aione. Nimekaa, nikabofya kisanduku cha "Kagua shuka", nikaandika:

"Lifungue lote. Lishike kwenye kona yenye pindo. Linuse. Likinuka unyevu, lirudishe kwenye mashine ya kukaushia, hata kama limeshakunjwa. Usione haya kulirudisha."

Hiyo sentensi ya mwisho imetoka kwangu. Nimeisoma tena na tena. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama hicho, hata nikihesabu na insha za shule.

Jumatano, 5 Machi

Mzee Mshale amepita kukagua. Nimekaa wima. Amebofya kisanduku changu cha "Kagua shuka". Maelezo yakafunguka. Akayatazama muda wa kupepesa jicho, akasema vizuri, pamejaa, akafunga.

Pamejaa. Kama anazungumzia ndoo.

Halafu amekaa nusu saa nzima kwa binamu, wakihamisha mshale mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kurudi kushoto. Amemsifu. Amesema kijana ana jicho. Mimi nina nini? Nina maelezo yanayojaa.

Nimewaza wakati wa chai. Ikiwa hakuna anayesoma maelezo, hakuna atakayejua nani ameyaandika vizuri, na kiti kitakwenda kwa mwenye jicho. Lazima nijue kama kuna msomaji hata mmoja katika ofisi hii. Lakini siwezi kumuuliza mtu mzima kama amesoma. Nitakufa.

Nikapata wazo. Nimeliona zuri kiasi kwamba nimelizunguka mara mbili kabla ya kuligusa. Mwishoni mwa maelezo ya "Kagua shuka" nimeongeza:

"Wewe uliyesoma mpaka hapa, kohoa kidogo."

Kazi yangu sasa ni kutega sikio. Atakayekohoa ndiye msomaji. Hakuna kuuliza, hakuna kuona haya.

Alhamisi, 6 Machi

Binamu ameamka na mafua.

Amekohoa kuanzia ngazini. Amekohoa akiwasha kompyuta, amekohoa huku akiomba radhi kwa kukohoa. Kila mara moyo wangu ulipanda na kushuka. Saa nne Mzee Mshale naye akakohoa, na machozi yakanilenga kwa furaha, mpaka nilipogeuka nikaona amepaliwa na chai, na mbele yake kuna gazeti.

Mchana nilitaka kuifuta ile sentensi, basi tena. Ndipo nikagundua jambo.

Binamu ni mvivu wa kistadi. Akitaka kisanduku kipya hachori kipya. Ananakili cha zamani, anakibandika mahali pengine, anabadilisha jina. Sasa programu yetu ina tabia moja: ukinakili kisanduku, maelezo yake ya nyuma yanafuata, kama mkia. Jina la mbele ukilibadilisha, mkia unabaki uleule. Na binamu leo alinakili kisanduku kipi? "Kagua shuka". Amekigeuza kuwa "Kagua ombi la likizo", na "Kagua gari", na "Kagua lalamiko la mteja". Nimebofya kimoja baada ya kingine. Vyote vitatu nyuma vinasema uvifungue, uvishike kwenye kona yenye pindo, uvinuse, na vikinuka unyevu uvirudishe kwenye mashine ya kukaushia. Na ukohoe.

Nimecheka ndani kwa ndani mpaka kiti kikasogea.

Mtu mwema angemwambia. Mimi pia nilikuwa naelekea kumwambia. Lakini akapita nyuma yangu, akachungulia skrini yangu, akasema dada yangu bado unashona bitana? Basi.

Mpango mpya. Kesho Mzee Mshale anakagua kila kitu kabla ya kuchapa vijitabu vya mteja. Atakuta gari linalonuswa. Atamuuliza binamu. Atajua kijana mwenye jicho hana jicho la nyuma. Mimi sijafanya kitu chochote kibaya. Nimeacha tu. Kwenye kisanduku changu halisi cha shuka nimeifuta sentensi ya kukohoa, nikabaki msafi kama taulo la hoteli.

Nimeomba mwongozo kimoyomoyo. Sikupata jibu, nikauchukua ukimya kuwa ruhusa.

Ijumaa, 7 Machi

Mzee Mshale amekagua kuanzia asubuhi. Mishale. Amekagua mishale. Ametafuta inayokatizana, amepata mmoja, ameshika kiuno, wameurekebisha. Halafu amebonyeza kuchapa.

Nilikuwa nimekaa palepale nikisubiri ahoji kuhusu gari. Hakuhoji. Hakufungua kisanduku hata kimoja. Ilinichukua muda kuelewa. Mtego wangu wote ulitegemea mtu mmoja asome maelezo. Na malalamiko yangu yote ya wiki nzima yalikuwa kwamba hakuna mtu anayesoma maelezo. Mambo haya mawili yalikuwa yamekaa kichwani mwangu, jirani kabisa, bila kusalimiana.

Vijitabu vimetoka vikiwa na joto, vizuri, na jalada la kijani. Nimefungua kimoja kwa siri. Ukurasa wa gari. Maelezo yote, hadi kikohozi. Na chini yake, kwa herufi ndogo ambazo sikuwahi kujua kama programu huziweka: "Maelezo yameandikwa na". Jina langu. Kwenye ombi la likizo, jina langu. Kwenye lalamiko la mteja, jina langu.

Mkia nao una mkia.

Nimefungua mdomo nimwambie Mzee. Sauti ikarudi tumboni. Kabla haijapanda, mtu wa kupeleka alikuwa ameshabeba vijitabu vyote na ngazi imeshalia. Kikao na mteja ni Jumanne.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi amekuja na binamu. Shangazi na mama ni mawifi wa siku nyingi, wanapendana na hawawezi kukaa dakika tano bila kuchokozana. Shangazi amesema mwanawe amekichora kiwanda kizima, mlango hadi mlango. Mama akasema wifi, kuchora hata mtoto wa chekechea huchora, wangu ameandika. Shangazi akasema kuandika ndiyo, lakini nani anasoma siku hizi. Mama akasema wenye akili. Shangazi akauliza kwani yeye hana akili? Mama akasema wifi, kula, chakula kinapoa.

Binamu hakushiriki. Alikuwa anapenga kamasi na kunitazama kwa wema, akaniuliza kama nina mafua pia, mbona nimekuwa mweupe hivyo machoni. Akanipa limau lake nusu.

Nilikuwa napanga. Kesho niamkie kiwandani, kabla ya wote. Nichukue vijitabu. Nitasema vina kosa la rangi kwenye jalada. Nimefanya mazoezi ya sentensi hiyo mbele ya kabati. Mara nyingi imetoka.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefika kiwandani mapema sana. Mlinzi amenipitisha. Vijitabu niliviona kwenye rafu ya stoo, vimepangwa, vinaningojea. Nilivibeba vyote kifuani. Nilikuwa nimeshageuka.

Mama Pasi alikuwa amesimama mlangoni.

Ile sentensi ya rangi ya jalada ilikuwa tayari mdomoni. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, mwanangu mchapakazi, yaani umekuja mwenyewe kuvipanga kwa ajili ya kikao? Njoo nikuonyeshe chumba. Akanitangulia. Nikamfuata. Na kwa mikono yangu miwili nikaviweka mezani, kimoja mbele ya kila kiti, na Mama Pasi akavinyoosha vikae sawa. Akasema vijana wa siku hizi hawana moyo kama wangu. Amenipa soda.

Nilipohesabu, kimoja kilikosekana. Amesema karani wa utumishi amekwenda nacho nyumbani tangu Ijumaa. Ni mtu makini, amesema. Kikiandikwa kitu, yeye hukifanya.

Soda ilikuwa baridi na nzuri. Niseme ukweli, niliifurahia.

Jumanne, 11 Machi

Naandika haya kabla sijavua viatu.

Mezani alikuwepo mwenye kiwanda, mama mdogo wa umbo aliyevaa miwani na nyingine ameipandisha kichwani. Mama Pasi. Karani wa utumishi, mwembamba, shati limefungwa hadi juu. Msimamizi wa magari, mtu mkubwa kama mlango. Upande wetu Mzee Mshale, binamu na leso yake, na mimi.

Mzee akasema kila mmoja asome sehemu yake taratibu, kisha tuzungumze. Kurasa zikageuka.

Karani akakohoa. Kikohozi kidogo, safi, kama mtu anayetia sahihi.

Nywele zilinisimama. Na hapo ndipo nilipojua mimi si mzima, kwa sababu katikati ya hofu ile, kitu ndani yangu kilishangilia. Amesoma. Amesoma mpaka mwisho.

Msimamizi wa magari akakohoa, dirisha likatikisika. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma tena, akakohoa tena, nadhani aliona kile cha kwanza hakikuwa kidogo kama ilivyoagizwa. Mwenye kiwanda akavua miwani, akashusha ile ya kichwani, akasoma, akakohoa. Mzee Mshale akainuka kufungua dirisha, akiomba radhi kwa vumbi. Binamu naye akakohoa, mafua ya kweli haya, na karani akamwinamia akamuuliza kwa upole yuko ukurasa gani.

Kisha mwenye kiwanda akaweka kijitabu chini. Akamuuliza msimamizi wa magari ameanza lini kunusa lori. Akasema hajawahi, mama, lakini kama ni agizo jipya ataanza leo, ila aelezwe kona ipi, na pia mlango wa mashine ya kukaushia ni mdogo, lori halitaingia. Karani akasema yeye ameshaanza. Jana alinusa maombi mawili ya likizo. Moja lilikuwa la kijana wa taulo na lilinuka unyevu, akalirudisha kwenye mashine kama ilivyoelekezwa, likatoka gumu, halisomeki. Kwa kuwa halisomeki hakuweza kulikataa. Kwa hiyo yule kijana yuko likizo.

Hakuna aliyecheka. Mzee Mshale alikuwa anafunua kurasa haraka haraka, na nilimwona, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akisoma maelezo. Shingo yake ikabadilika rangi. Mwenye kiwanda akauliza nani ameandika. Akaanza kulitafuta jina kwa kidole.

Kabla hajalifikia, binamu akasimama. Akasema kosa ni lake. Yeye ndiye aliyenakili visanduku bila kuangalia nyuma, mwenzake aliandika ya shuka peke yake. Dada yangu hana kosa, akasema, halafu akapiga chafya.

Nilitamani meza inifunike. Nilikuwa nimemtegea mtego mtu huyu, na yeye alikuwa ameingia ndani yake kwa hiari yake ili anitoe mimi.

Nikasimama. Nikasema shikamooni. Watu wazima wote wakaitikia marahaba kwa pamoja, kama darasa. Na sijui ni kwa nini, ile marahaba nyingi ilinipa nguvu. Sauti ikapanda. Nikasema maelezo yale ni ya shuka, Mama Pasi ndiye aliyenifundisha, na ni ya kweli. Nikasema kukohoa ni kwangu. Nilitaka kujua kama kuna mtu anayesoma. Basi. Nikakaa.

Sikusema kwamba niliyaona makosa Alhamisi nikayaacha. Nilikuwa nalielekea hilo. Sauti iliisha njiani.

Mwenye kiwanda akanitazama sana. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka mpaka miwani ikamvuka. Alipotulia akasema wamewahi kuletewa kitabu kinene na watu wengine kabla yetu, na kitabu hicho kinafanya kazi nzuri sana ya kuuzuia mlango wa stoo usijifunge. Hiki ndicho cha kwanza ambacho watu wake wamekisoma hadi mwisho, na ameweza kusikia kwa masikio yake kila mmoja alipofikia. Ya lori na likizo yarekebishwe. Lakini kikohozi kibaki. Tena kiwekwe kila ukurasa.

Mama Pasi akalalamika kwamba ukurasa wake ndio pekee usio na kikohozi, na shuka ni lake. Mzee Mshale ameahidi kulishughulikia.

Alhamisi, 13 Machi

Kiti ni changu.

Mzee Mshale ameniita, ameniketisha, amesema mwenye kiwanda ana tawi jingine na anataka lichorwe, na ameomba maelezo yaandikwe na "yule binti wa kikohozi". Mzee akakiri yeye ni mtu wa mishale, macho yake huishia hapo. Kwa hiyo kuna utaratibu mpya: hakuna maelezo yatakayotoka ofisini kabla hayajasomwa kwa sauti na mtu ambaye si aliyeyaandika. Nikasema ndiyo, mzee. Nilitaka kusema mengi. Nikasema ndiyo, mzee, tena.

Na binamu? Nilikuwa nimejiandaa kwa huzuni, lakini amekuja akitabasamu mpaka mafua yamekimbia. Msimamizi wa magari amempenda tangu aliposimama kikaoni. Anamtaka kiwandani mwezi ujao apange safari za malori. Binamu amependa magari tangu akiwa anaendesha viatu vya baba yake sebuleni. Visanduku alikuwa akivivumilia kwa ajili ya mama yake tu. Hayo ameniambia leo. Mimi wiki nzima nilikuwa nashindana na mtu ambaye hakuwa anakimbia.

Shangazi amekuja jioni kutangaza kwamba watoto wote wawili wamepata kazi kwa mkono wake. Mama hakubisha. Amemmiminia chai, akamwita wifi yangu wa dhahabu, jambo ambalo lilimtia shangazi wasiwasi mpaka alipoondoka.

Nilimwambia mama kwamba kwa kweli sikuwa naitaka sana. Akasema ndiyo, aliona, mtu asiyetaka kazi huipiga pasi sketi yake mwenyewe kila jioni bila kuambiwa. Akaendelea kuchambua mchele.

Ijumaa, 14 Machi

Mteja mpya: kiwanda cha mikate. Asubuhi nimesimama mbele ya mwoka mikate mkuu na nimesema shikamoo mara moja tu. Kisha nimeuliza swali. Amejibu. Nimeuliza la pili. Kuna joto zuri mle ndani, na mikate ikitoka inapasuka taratibu kwa sauti ndogo, kama inanong'ona. Nimeandika vizuri leo.

Jambo moja tu linanichoma. Binamu yuko nasi mpaka mwisho wa mwezi kumalizia michoro, na ameanza kuniita bosi mdogo. Leo ameniletea kalamu mpya. Ameniomba radhi, kwa mara nyingine, kwa kuniponza na visanduku vyake. Mtu kama huyu lazima aambiwe ukweli. Kwamba niliona, nikaacha, nikitaka aonekane mzembe ili kiti kiwe changu.

Nimejaribu kwa mdomo. Nimefika hadi "binamu, unajua". Akauliza anajua nini. Nikasema mvua itanyesha. Jua lilikuwa linawaka.

Kwa maandishi mimi si mwoga. Kwa hiyo nimeandika yote, kuanzia ile bitana hadi ukimya niliouchukua kuwa ruhusa, na mwishoni nimemwomba msamaha vizuri sana. Shida ilikuwa mahali pa kuyaweka mpaka siku nitakapopata ujasiri wa kumwonyesha. Karatasi hupotea. Simu yake shangazi huishika anavyotaka.

Nimeyaweka nyuma ya kisanduku. "Subiri unga uumuke." Nimefikiria kwa makini. Katika visanduku vingine vyote vya mchoro huu watu wanafanya kazi, wanaweza kutaka maelezo. Katika hiki wote wamekaa. Nani atasoma maelezo ya kusubiri?

Jioni mwoka mikate mkuu amepiga simu. Mikate yake inatoka mizito na anahisi tatizo liko hapo kwenye kusubiri. Ameomba apewe maelezo ya kisanduku hicho haraka, ayabandike ukutani wafanyakazi wote wayaone. Mzee Mshale amemwambia atayapata Jumatatu saa mbili asubuhi. Binamu ndiye atakayeyachapa na kuyapeleka, na atayasoma kwanza kwa sauti, kama ulivyo utaratibu mpya.

Ni utaratibu mzuri, nauunga mkono. Wala sina wasiwasi. Jumatatu nitafika mapema kuliko wote, nitayatoa, nitaandika ya unga. Nimeshapanga.

Ila wewe unayesoma hapa, nakuomba sana, hili libaki kati yetu. Usimwambie binamu. Nataka alisikie kutoka kwangu.